Maneno ya Chuo Kikuu na Vijana wa Tarime na Serengeti

Lugha ni hazina ya taifa, na kila neno lililomo katika hazina hiyo lina tarehe yake. Tumezoea kuandika tarehe za vita, za watawala na za mipaka. Tarehe za maneno huandikwa kwa nadra. Hata hivyo maneno nayo husafiri. Huhama nyumba moja hadi nyingine, huvuliwa vazi la zamani na kuvishwa jipya, na pengine husahau kabisa mahali yalikozaliwa. Katika insha hii tunakusudia kueleza habari za maneno ya kundi moja tu, yaani yale yanayotumika katika vyuo vikuu vyetu. Tutayatazama kutoka mahali maalumu: wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara.

Tumechagua mahali hapo kwa sababu tatu. Kwanza, kijana wa huko hawezi kufika chuo kikuu asivuke lugha tatu. Pili, mkoa huo umeshiriki katika historia ya elimu ya juu ya nchi hii kuliko wengi wanavyokumbuka. Tatu, huko mzazi huuza ng'ombe ili mtoto asome, na ng'ombe wa Mkurya hauzwi kwa jambo asilolielewa mwenyewe. Kwa hiyo maana ya maneno ya chuo ni jambo linalogusa zizi, na wala si pambo la wasomi peke yao.

Kijana wa lugha tatu

Mtoto anayezaliwa Sirari, Nyamwaga au Nyamongo huanza kusema kwa Kikurya. Anayezaliwa Mugumu na vijiji vinavyouzunguka huenda akaanza kwa Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata au Kiisenye. Zote hizi ni lugha za Kibantu, ndugu za Kiswahili: Mkurya husema omonto pale Mswahili anaposema mtu, na hata asiye mtaalamu huusikia udugu huo. Lakini udugu si usawa. Kikurya kina irabu saba na Kiswahili kina tano, na sikio lililolelewa katika saba hulazimika kujifunza upya.

Akiingia darasa la kwanza mtoto huyo hukutana na Kiswahili, lugha ya taifa na ya masomo yote ya shule ya msingi. Akifika sekondari hubadilishiwa tena, masomo mengi yakawa kwa Kiingereza. Akifika chuo kikuu husikiliza mihadhara kwa Kiingereza, hupokea matangazo mengine kwa Kiswahili, na huzungumza na wenzake kwa lugha ya tatu ambayo si hii wala ile, nayo tutaieleza baadaye. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kuwa lugha ya kufundishia sekondari mwaka 1985, kisha kifike vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Lakini kazi ya kuunda maneno haikungoja uamuzi. Ilikuwa imekwisha kuanza, na iliendelea.

Maneno yaliyopanda kutoka pwani

Tuanze na neno lenyewe, chuo. Katika Kiswahili cha zamani chuo maana yake ilikuwa kitabu, na watunzi wa tenzi walikiita hivyo. Baadaye neno likaenea hadi mahali ambapo kitabu husomwa. Mtoto wa Lamu, Unguja au Bagamoyo aliyekwenda kujifunza Kurani alisemwa anakwenda chuoni, na mtu aliyebobea katika elimu ya dini aliitwa mwanachuoni. Taifa lilipohitaji jina la mahali pa elimu ya juu halikwenda mbali. Lilichukua neno lililozoea kubeba elimu, likaliongezea sifa moja, kuu. Basi kijana wa Tarime asemaye "naenda Chuo Kikuu" anatamka, pasipo kujua, neno lililopita katika mikono ya watoto wa pwani kwa vizazi vingi.

Shahada ina asili ya Kiarabu na maana yake ni ushuhuda. Ni jamaa ya shahidi na ushahidi, maneno ambayo wazee wote wa baraza wanayajua. Anayetunukiwa shahada ameshuhudiwa: kundi la watu wanaojua limesimama na kusema kwamba mtu huyu ametimiza. Ukimweleza hivyo mzee wa Kikurya, ataelewa upesi kuliko ukimwonyesha karatasi yenye muhuri. Mhadhara nao ni ndugu wa hadhara, yaani mbele ya watu. Mhadhiri ni mtu anayesema mbele ya watu waliokusanyika. Muhula ni muda uliowekwa. Tasnifu, kazi ndefu ya kitaalamu anayoiandika mwanafunzi, ni jamaa ya sanifu, neno lililotumika kwa kutunga na kupanga vizuri. Ndilo hilo tunalolitumia tunaposema Kiswahili sanifu. Na joho lilikuwa vazi la heshima la mabwana wa pwani kabla ya kuwa vazi la wahitimu. Siku hizi hata watoto wa darasa la saba huko Mugumu huvaa joho siku ya mahafali yao.

Maneno yaliyoshuka kutoka bara

Ingekuwa kosa kudhani kwamba maneno yote ya elimu ya juu yalitoka ng'ambo ya bahari. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964 na kurithi kazi ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, zilifuata mwongozo ulio wazi: neno litafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na ndipo ligeukiwe la kigeni. Kwa njia hiyo taifa lilipata ikulu kutoka kwa Wanyamwezi, na wanasarufi wakapata ngeli kutoka kwa Wahaya.

Chuo kikuu kilipata kitivo. Neno hili lilitoka katika lugha za watu wa milima ya Upare na Usambara, ambako lilitaja ardhi nzuri ya bondeni yenye rutuba. Mtu aliyelipendekeza kwa maana ya sehemu ya chuo kikuu inayokusanya idara za elimu moja alikuwa na jicho la mkulima. Kitivo cha Sheria au Kitivo cha Sayansi ni shamba. Idara ni vipande vya shamba hilo. Wanafunzi ndio mbegu. Kwa mwana wa mkulima wa mahindi na mihogo, mfano huu hauhitaji mkalimani.

Tukitaja kitivo hatuna budi kutaja pia mabadiliko yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sasa kina ndaki na shule kuu. Kiongozi wa ndaki ni rasi, na kiongozi wa shule kuu ni amidi. Mwanafunzi aliyesoma vitabu vya miaka ya 1970 ataona kitivo kila mahali, kisha akifika Mlimani atasoma ndaki mlangoni. Asidhani amepotea njia. Hata Taasisi tuliyoitaja ilibadilika mwaka 2009 kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na neno uchunguzi likaondoka katika jina lake.

Neno jingine la kwetu ni kigoda. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika Taaluma za Umajumui wa Afrika, na mshika kigoda wa kwanza akawa Profesa Issa Shivji. Wazungu huita nafasi ya namna hiyo kiti. Sisi tulichagua kigoda, kile kiti kifupi cha mti ambacho katika nyumba zetu nyingi mtoto hakikalii mzee akiwapo. Uteuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa ulileta heshima ya nyumbani mahali pa elimu.

Mara katika historia ya Chuo

Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja cha Sheria na wanafunzi wasiotimia 15. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia kilima cha Ubungo ambacho leo tunakiita Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mwana wa Wazanaki ambao ni majirani wa watu tunaowazungumzia. Makamu Mkuu wa Chuo akawa Pius Msekwa.

Miaka hiyo neno msomi lilipitia mtihani mgumu. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Machi 1967 Mwalimu alitoa Elimu ya Kujitegemea. Kuanzia hapo msomi hakuulizwa tu amesoma nini. Aliulizwa pia anamtumikia nani.

Swali hilo lilijibiwa katika Mkoa wa Mara wenyewe. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma, ikatoa Azimio ambalo lilibadili maana ya maneno "kuingia chuo kikuu". Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuweza tena kwenda Mlimani moja kwa moja. Alipaswa kwanza kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na kupata maoni mema ya mwajiri wake na ya Chama. Azimio hilohilo lilihimiza elimu ya msingi kwa watoto wote. Lilikuwa na faida zake na hasara zake. Lilileta chuoni watu waliokwisha kuona shamba, kiwanda na ofisi, lakini idadi ya wasichana ilipungua, kwa kuwa wengi wao walioingia kazini waliolewa wakaanza kulea. Haukupita muda mrefu wasichana wakaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja, na katika miaka ya 1980 masharti yale yakaachwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba neno mwanafunzi, ambalo tunalichukulia kuwa rahisi, liliwahi kuwa na maana nyingine kwa uamuzi uliofanyika kando ya Ziwa, mwendo wa saa chache kutoka Tarime.

Ngazi na majina yake

Sasa tuingie katika maneno ambayo huwatatiza vijana zaidi. Wakurya wana mfumo wa marika ya tohara uitwao esaro, na mwingine wa vizazi uitwao irikora. Katika mifumo hiyo kila mtu anajua amesimama wapi, nani amemtangulia na nani anamfuata. Jina la rika humpa mtu haki na wajibu. Hatusemi haya ili kusifu kila desturi. Ukeketaji umewatoa wasichana wengi shuleni, na sheria ya mwaka 1998 imeuharamisha kwa walio chini ya miaka 18. Tunasema tu kwamba kijana aliyelelewa kati ya watu wanaojua maana ya ngazi hapaswi kushindwa kuzielewa ngazi za elimu.

Ngazi zenyewe ni hizi. Astashahada ni ya chini, na wengi huiita cheti. Inayofuata ni stashahada, ambayo wengi huiita diploma. Juu yake ni shahada ya kwanza, inayosomwa kwa kawaida miaka 3, uhandisi miaka 4, na udaktari wa tiba miaka 5. Kisha huja shahada ya uzamili, na juu ya zote shahada ya uzamivu. Neno uzamivu latokana na kitenzi zama: aliyefika hapo amezama mpaka chini kabisa ya jambo moja na kuibuka na kitu mkononi. Kosa la kuchanganya stashahada na shahada si dogo. Tunajua nyumba ambamo mzee alitangaza kwa majirani kwamba mwanawe anasomea shahada, kumbe ni stashahada. Siku ya kurudi furaha ikageuka fedheha, ingawa kijana hakufanya kosa lolote na elimu aliyoipata ni ya manufaa makubwa.

Neno daktari nalo lina nyuso mbili. Mwenye uzamivu huitwa daktari wa falsafa, na akirudi kijijini likizo huletewa mtoto mwenye homa. Hapana wa kulaumiwa. Neno moja limebeba mizigo miwili, na msikilizaji ameuona ule anaouhitaji.

Utata mkubwa zaidi uko katika vyeo. Mjini Tarime kipo Chuo cha Ualimu, na katika chuo cha namna hiyo Mkuu wa Chuo ndiye anayesimamia kazi za kila siku na kutia sahihi barua za ruhusa. Walimu wake huitwa wakufunzi. Katika chuo kikuu mambo ni mengine. Mkuu wa Chuo ni mtu wa heshima kuu anayetunuku shahada siku ya mahafali, na mwanafunzi huenda asimwone tena. Mtendaji mkuu ni Makamu Mkuu wa Chuo, ingawa neno makamu humfanya mgeni adhani kuwa ni msaidizi tu. Kijana anayeandika barua ya shida yake kwa Mkuu wa Chuo ameigongea nyumba isiyo na mlinzi wa kumjibu. Barua yake ingepaswa kuanzia kwa mkuu wa idara, ipande kwa amidi au rasi, na ndipo ifike juu.

Lugha ya vimbweta

Tumesema kuna lugha ya tatu. Huzaliwa mabwenini na kwenye vimbweta, yaani viti na meza za saruji zilizotapakaa Mlimani, ambapo wanafunzi hujisomea na kubishana. Huko fedha ya kujikimu inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huitwa bumu. Mtihani wa marudio huitwa sapu. Kuondolewa chuoni kwa kushindwa masomo huitwa kudisko, na neno hilo lenye mlio wa ngoma limeficha msiba mzito.

Hatulidharau simo hilo, kwa sababu ni dalili kwamba lugha ingali hai. Lakini twaonya kwamba halitoshi. Tuseme kijana wa Ngoreme amefiwa na baba yake wiki mbili kabla ya mitihani. Kutoka Dar es Salaam hadi kwao ni zaidi ya kilomita 1,000. Anasafiri, anazika, anakaa matanga, anarudi na kukuta mitihani imekwisha. Wenzake wanamwambia, "Usijali, utapiga sapu." Ushauri huo ni mbaya. Mtihani wa marudio ni wa aliyefanya akashindwa, na kwa kawaida alama yake haipandi juu ya kiwango cha kufaulu tu. Yeye alistahili mtihani maalumu, ambao ni wa aliyezuiwa na sababu ya haki, na alama zake huhesabiwa kamili. Tofauti ya maneno hayo mawili yaweza kumshusha mtu kutoka daraja la pili la juu hadi la chini. Na kama shida ni kubwa zaidi, lipo neno kuahirisha masomo. Anayeahirisha kwa barua nafasi yake humngoja. Anayeondoka kimya huhesabiwa kuwa ameacha. Mkopo nao waweza kumfuata hadi nyumbani ilhali shahada haipo.

Wajibu wetu

Milango ya elimu ya juu imeongezeka. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa mwaka 1984. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho humfuata mwanafunzi mikoani, Mara ikiwamo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007. Kila mwaka vijana wengi zaidi wa Tarime na Serengeti hupita milango hiyo, na wengi wao ni wa kwanza katika ukoo wao kufanya hivyo. Hawana kaka aliyetangulia wala shangazi wa kuwaeleza.

Basi tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Shule zetu za sekondari zifundishe maneno haya kidato cha sita, kabla kijana hajajaza fomu ya kwanza. Vyuo vyetu viandike kanuni zake kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, ili mzazi wa Nyamongo aweze kuzisoma au kusomewa. Na wale waliotangulia, wanaporudi likizo, wakae na wadogo zao na kuwaeleza: huyu ni nani, ngazi hii ni ipi, barua hii huandikwa lini.

Neno lisiloeleweka ni mlango uliofungwa, hata kama limeandikwa kwa wino wa dhahabu. Wazee wetu waliokota maneno pwani na bara, Upare na Unyamwezi, wakalijengea taifa nyumba ya elimu ambayo kila mwananchi angeweza kuitamka. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba anayeitamka anajua pia pa kuingilia.